Rangi ya gari kuukuu ni mtaji, usiukwangue kwa haraka ya Jumamosi

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI aliyezoea kufungua ukurasa huu kutafuta bei ya mchele, korosho na dola atuwie radhi. Wiki hii tunazungumzia mali isiyopimwa kwa gunia wala mizani: gari la zamani lililofungiwa gerejini, na hasa ile rangi iliyo juu ya bati lake. Suala hili limetufikia kupitia mlango wa biashara, na tutalichukulia kama tunavyochukulia mali nyingine yoyote, yaani kwa kuuliza kinachoongeza thamani yake ni nini na kinachoila ni nini.

Habari yenyewe ni hii. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mwenye duka Kariakoo, alirithi kwa baba yake Peugeot 404 ya mwaka 1967, ya bluu nzito, ambayo ilikuwa imekaa gerejini Upanga kwa miaka kadhaa ikitolewa nje mara chache tu kuwashwa injini. Jumatano jioni alinipigia simu. Jumamosi ya wiki hiyo wenye magari ya zamani walikuwa wamepanga matembezi ya pamoja kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, safari ya kilometa kama 65 hivi, na katika msafara huo angekuwamo mnunuzi kutoka Nairobi aliyetaka kuiona 404 hiyo ikitembea. Tatizo ni kwamba bluu ilikuwa imegeuka majivu. Ukipitisha kidole juu ya boneti, kilirudi na unga.

Tayari alikuwa amepatana bei na gereji moja ya rangi: Alhamisi kupiga msasa gari zima, Ijumaa kupuliza rangi mpya, Jumamosi alfajiri funguo mkononi. Alichotaka kwangu ni kujua kama bei hiyo ilikuwa ya haki.

Nilimwambia bei ni ya haki kabisa, ila kazi yenyewe itamtia hasara.

SOKO LINANUNUA NINI

Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba gari la zaidi ya nusu karne lina soko. Lakini 404 si gari geni katika sehemu hizi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na gari hili liliyashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa kutoka Tanzania, na wazee wanaokumbuka kusimama kando ya barabara wakila vumbi la magari yale bado wapo. Kwa hiyo 404 ya mwaka 1967 iliyokaa Dar es Salaam maisha yake yote ina jambo ambalo 404 iliyokaa Marseille haina, na mnunuzi anayejua anachokitafuta hulipia jambo hilo.

Tena Nairobi pana hamu ya muda mrefu ya magari kama haya. Onyesho la Africa Concours d'Elegance, linaloandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, lilianza mwaka 1970, na waamuzi wake hawaangalii sura ya nje tu. Huchungulia injini, buti na hata chini ya gari. Mwaka 2003 yakaongezeka mashindano ya East African Safari Classic, ambayo yanarudisha barabarani magari ya enzi zile. Mtu anayetaka kuingia katika shughuli hizo lazima apate gari mahali.

Na hapo ndipo ugavi unapobana. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu lilipotengenezwa, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Njia ya kuleta gari kuukuu kutoka ng'ambo ni nyembamba na ya gharama. Yaliyopo ndiyo hayo hayo, na kila mwaka kutu, ajali na mafundi wenye haraka hupunguza idadi yake.

Katika mali ya namna hii kuna daraja mbili. Daraja la kwanza ni gari lenye rangi ya kiwandani. La pili ni lililopakwa upya. Gari linaweza kupakwa rangi mara kumi likitaka, lakini ile ya kiwandani hupakwa mara moja tu, na ikishakwanguliwa hairudi hata ukimlipa fundi bora wa Ulaya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linahimiza wenye magari wahifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kufanya upya, na wanunuzi wakubwa wamelielewa somo hilo kwa fedha zao wenyewe.

Mfano unaotajwa sana ni wa Februari 2015, jijini Paris, yaliponadiwa magari yaliyokutwa yamesahauliwa katika shamba la mfanyabiashara wa usafirishaji aliyekuwa ameshafariki, Roger Baillon. Miongoni mwake ilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider iliyokuwa imefukiwa gerejini chini ya rundo la magazeti ya kale. Wanadi hawakuipiga deki. Waliionyesha na vumbi lake, na ikauzwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Nilipomsimulia rafiki yetu wa Kariakoo kisa hiki alicheka, akasema yeye hana Ferrari. Kweli hana. Lakini mnunuzi wake kutoka Nairobi naye anasoma magazeti.

Hapa niseme wazi, nisije nikalaumiwa na mafundi rangi ambao ni wasomaji wetu. Siyo kila gari kuukuu linastahili heshima hii. Kama rangi imeshabanduka hadi bati, kama kutu imetoboa milango, au kama gari limeshapulizwa mara tatu na rangi ya kwanza ilikwisha zamani, basi lipelekwe kwa fundi, lipakwe vizuri, na mambo yaishe. Hasara inakuja pale mtu anapokwangua rangi ya kiwandani ambayo ilikuwa hai bado, kwa sababu tu ilionekana chafu siku ya Jumatano.

Halafu kuna suala la siku. Rangi iliyopulizwa Ijumaa huwa imekauka juu tu Jumamosi. Ndani bado ni laini, na huendelea kukomaa kwa siku nyingi. Mpeleke mtu huyo Bagamoyo na vumbi na mbu, na atarudi na gari lenye ngozi ya msasa.

UNENE WA KARATASI MOJA

Twaa karatasi moja ya kawaida ya ofisini. Unene wake ni kama maikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina unene wa kati ya maikroni 100 na 150. Huo ndio mtaji mzima. Kila unapong'arisha kwa dawa yenye chembe za kusugua unatoa kidogo: polishi laini kwa mkono hutoa sehemu ndogo sana, mashine yenye dawa kali inaweza kutoa maikroni kadhaa kwa mkupuo, na msasa, hata ule mwembamba wa maji, hutoa zaidi. Ni kama akaunti ya benki ambayo haipokei amana, inalipa tu.

Ndiyo maana wanaonunua magari haya siku hizi hutembea na kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya bati na kuandika namba. Penye namba ya 100 na ushei, rangi huenda ni ya kwanza. Penye 250 au 300, imepulizwa tena. Penye 1000, chini yake kuna puti, na maana yake pana kilichonyooshwa. Asiyekuwa na kipimo huweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa: bati tupu lenye rangi nyembamba huishika barabara, puti nene huiachia. Mwuzaji asifikiri mambo haya hayajulikani.

Jambo la pili ambalo mwenye gari anapaswa kulijua kabla ya kugusa kitu ni aina ya rangi. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 yana rangi iliyofunikwa na vanishi angavu, ile mafundi wanayoiita klia. Ya zamani zaidi, kama 404 hii, kwa kawaida yana rangi ya tabaka moja: kinachong'aa ndicho chenyewe chenye rangi. Klia ikifa hubanduka kama ngozi ya nyoka na hakuna polishi ya kuiokoa. Rangi ya tabaka moja hufa kwa namna nyingine. Jua na hewa hula ile gundi inayoshika unga wa rangi, unga unabaki juu umelegea, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika badala ya kurudi. Macho yanaona majivu. Lakini chini ya majivu hayo mara nyingi rangi nzima ipo, inasubiri.

Kujua ni aina gani hakuhitaji maabara. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, ni tabaka moja. Kikitoka na uchafu tu, huenda ni klia.

ALHAMISI NA IJUMAA

Alhamisi asubuhi tulikwenda Upanga na mzee mmoja ambaye amepiga rangi Gerezani kwa miongo mingi na sasa amestaafu, ingawa watu hawamwachi. Mwenye gari alimsalimu, "Shikamoo mzee," naye akaitikia "Marahaba" bila kumtazama, macho yakiwa kwenye gari.

"Hili ndilo mlilotaka kulichuna?" aliuliza.

"Ndilo, mzee. Limefubaa."

"Wewe ukilala miaka sita bila kuoga hutafubaa?"

Alifungua mlango wa dereva, akasugua kwa kitambaa kwenye fremu ambako jua halifiki. Kitambaa kikatoka bluu. Akakionyesha kama mhasibu anayeonyesha stakabadhi. Kisha akafanya vivyo hivyo katika eneo la kiganja kimoja kwenye boneti. Bluu ikajitokeza katikati ya majivu, nzito kama ya kalamu ya wino. Rafiki yetu alikaa kimya kidogo, kisha akatoka nje kuipigia simu ile gereji. Wino wa bluu ile ndio ulioamua. Maelezo yangu yote ya Jumatano yalikuwa hayajatosha.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuchukua kitambaa kikavu na kufuta vumbi. Vumbi lililokaa gerejini miaka mingi ni mchanga, na kulifuta kavu ni kupiga msasa bila kujua. Mzee aliagiza maji mengi kwanza, yamwagwe taratibu kwa mpira usio na presha, kutoka juu ya paa kushuka chini. Mashine za maji ya presha alizikataa: mipira ya madirisha ya gari la 1967 imekauka, na maji yakiingia ndani ya milango hukaa huko yakipika kutu. Ndipo ikaja shampuu ya magari, ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na matairi yakaachwa mwisho na kitambaa chake cha peke yake. Sabuni ya kuoshea vyombo aliisukuma kando, akisema inakausha rangi iliyokwisha kukauka.

Maji yenyewe ni habari nyingine kwa mkazi wa Dar es Salaam. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji hayo yakikaukia juu ya bati yanaacha madoa meupe ambayo kuyatoa ni kazi kuliko vumbi lenyewe. Tulitumia maji ya bomba, na gari likakaushwa papo hapo kwa taulo za pamba, lote likiwa kivulini. Chumvi ya hewa ya bahari ilikuwa imeshafanya yake kwenye bampa. Vidoa vya kutu juu ya kromu vilitolewa kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ni ujanja rahisi na hauhitaji dawa ya dukani.

Mwembe ulio juu ya gereji ulikuwa umeacha sahihi yake pia. Matone ya utomvu na alama za kinyesi cha popo yalikuwa yamepenya mlango mbovu na kutua kwenye buti. Utomvu ulilainika kwa spiriti nyeupe, ukaondoka. Alama za popo zilikuwa zimekula rangi, na mzee aliziacha. "Ukizifuata hizi utafika kwenye bati," alisema. Ushauri huu wa kuacha ndio mgumu kuliko yote kwa mwenye gari, maana jicho lake litakwenda hapo hapo kila siku. Lakini mnunuzi huona doa dogo la kweli na kulisamehe. Pale palipokwanguliwa hadi praima hapasameheki.

Baada ya kukauka ulikuja udongo maalumu wa kusafishia rangi, kipande laini kama cha kuchezea watoto, kinachopitishwa juu ya bati lililoloweshwa maji ya sabuni ili kunasa chembe ambazo kuosha hakuziondoi. Paa likaanza kuwa laini mkononi kama kioo ingawa macho bado yaliona majivu.

Kisha ikafuata hatua ambayo mtu wa haraka hawezi kuivumilia. Kabla ya polishi yoyote ya kusugua, mzee alipaka rangi nzima mafuta mazito ya kung'arishia yasiyo na chembe kali, yale ambayo kampuni kama Meguiar's, iliyoanza mwaka 1901 ikitengeneza polishi ya samani, imekuwa ikiyauza kwa miaka mingi kwa ajili ya rangi za tabaka moja. Akayasugulia ndani kwa taulo ya pamba, akayaacha usiku kucha. Rangi iliyokauka huyanywa kama ardhi ya Novemba. Ijumaa asubuhi yalipofutwa, nusu ya bluu ilikuwa imesharudi bila hata maikroni moja ya maana kupotea.

Nusu iliyobaki ilifanywa kwa polishi laini, kwa mkono, kipande kwa kipande, kila kimoja upana wa gazeti lililokunjuliwa nusu. Kanuni ni kuanza na dawa dhaifu kuliko zote na kupanda pale tu inaposhindwa. Haikushindwa ila kwenye paa, ambako jua la miaka ya mwanzo lilikuwa limepiga zaidi, na hapo mzee alipanda ngazi moja tu. Kingo za boneti na mikunjo ya madigadi alizifunika kwa selotepu ya karatasi, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi kiwandani hukimbia kingo, na hapo huwa nyembamba kuliko kwingine.

Nakiri kwamba jambo hili la kingo ninalijua kwa maumivu. Miaka ya nyuma nilimpa fundi mmoja mwenye mashine ya kung'arishia gari langu dogo kuukuu, nikakaa kivulini nikisoma gazeti. Mashine ile ya kuzunguka kwa kasi ilikaa mahali pamoja sekunde chache tu juu ya mkunjo wa boneti. Nilipoinua macho, kulikuwa na mstari wa kijivu wa praima wenye urefu wa kidole. Nililiuza gari lile mwaka uliofuata na kila mnunuzi alikwenda kwanza kwenye mstari ule. Aliyelichukua hatimaye alikata bei mara mbili, na mara zote mbili kidole chake kilikuwa juu yake.

Jambo moja la afya kabla hatujaendelea. Rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, nyingi zilitengenezwa kwa risasi. Asipige mtu msasa mkavu gerejini akivuta vumbi lake, wala vitambaa vilivyotumika visiachwe watoto wavichezee.

NTA NI BIDHAA PIA

Ijumaa mchana ilikuja nta, na hapa wafanyabiashara wa mazao watapata la kwao. Nta inayosifiwa kwa magari hutoka kwenye majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya minazi na mikindu unaostawi kaskazini mashariki ya Brazili, na kutoka huko husafirishwa dunia nzima kwa ajili ya polishi, vipodozi na hata peremende. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini sisi, wenye nta ya nyuki ya Tabora, tununue ya Brazili. Jibu liko kwenye joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na ya karnauba kwenye nyuzi 82 hadi 86. Boneti ya rangi nzito iliyoachwa juani hapa Dar inaweza kupita nyuzi 70. Nta ya nyuki ikiwa peke yake hulainika hapo na kukusanya vumbi kama asali. Ya karnauba husimama. Ya Tabora ina nafasi yake katika mchanganyiko, na wapo watengenezaji wanaoziunganisha mbili hizi, kwa hiyo mlango haujafungwa kwa anayetaka kujaribu.

Mzee aliipaka nyembamba, nyembamba kiasi kwamba mwenye gari alidhani amebana matumizi. Nta nene haing'ai zaidi; inakausha vibaya na kuacha michirizi. Ilipofifia kama pumzi kwenye kioo akaifuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, na kazi ikaisha kabla ya swala ya alasiri.

Tahadhari kwa wenye maduka: baadhi ya polishi za bei nafuu hung'aa kwa sababu ya silikoni. Zinapendeza wiki ya kwanza, lakini siku gari litakapohitaji kupulizwa hata mlango mmoja, silikoni iliyobaki kwenye bati hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Anayewauzia mafundi rangi aseme ukweli kuhusu kilichomo chupani, vinginevyo wateja wake watamhama.

Gharama yote, pamoja na ujira wa mzee kwa siku mbili, haikufika sehemu ya kumi ya ile bei ya kupuliza. Ijumaa jioni walilitoa gari mara moja kuzunguka Upanga ili kukausha breki zilizoloweshwa na maji ya kuoshea. Hatua hii husahaulika, na mtu hugundua Jumamosi, taa nyekundu ikiwa mbele yake.

JUMAMOSI

Msafara uliondoka asubuhi. Sikulipanda 404, nilikuwa nyuma, katika gari la kisasa lisilo na hadithi. Kwa mbali bluu ile ilikuwa kama mpya. Kwa karibu ulikuwa unaona umri wake: ukungu kidogo kwenye paa, alama za popo kwenye buti, mkwaruzo wa funguo ambao hakuna anayejua ni wa mwaka gani.

Bagamoyo, wakati wengine wakiagiza samaki, mnunuzi wa Nairobi hakuanza na boneti. Alifungua buti, akainua mpira wa ukingoni na kumulika kwa tochi. Akafungua milango yote minne na kulinganisha bluu ya ndani ya fremu na ya nje. Ndipo akatoa kipimo chake. Boneti ilisoma 108, mlango wa dereva 115, paa 96. Madigadi ya nyuma kushoto ilisoma 340.

"Hapa?" aliuliza.

"Baba aligonga nguzo ya lango letu," mwenye gari akajibu. "Nilikuwa mtoto, nilikuwamo ndani."

Mnunuzi aliandika kitu kwenye daftari, akataja bei. Ilikuwa juu ya ile ambayo Jumatano rafiki yetu alikuwa tayari kuikubali, hata kabla ya kutoa gharama ya rangi aliyookoa. Akaomba muda wa kufikiri. Nilipomwuliza baadaye anangoja nini, alisema hajui. Labda alitaka kuliendesha tena Jumapili.

Hadi tunakwenda mitamboni 404 ilikuwa bado Upanga. Turubai la nailoni lililokuwa likilifunika, na ambalo hufungia unyevu chini yake mpaka rangi ikatoa malengelenge, limetupwa na mahali pake pamewekwa shuka la pamba. Mlango wa gereji umezibwa popo wasiingie. Simu kutoka Nairobi imeshapigwa mara mbili.